Mahitaji ya umeme si usomaji wa mita

Katika ripoti za miradi ya umeme zinazozunguka Bukavu na Goma, neno "mahitaji" linaandikwa mara nyingi juu ya safu ya tarakimu zilizosomwa kwenye mita. Safu hiyo inaingizwa katika modeli ya kompyuta ya kupanga nishati kwa gharama ndogo kabisa, kama OSeMOSYS au TIMES, na modeli inajibu kwamba mji una umeme karibu wa kutosha. Mama anayepiga pasi saa tano ya usiku kwa sababu ndiyo saa umeme unarudi kwao hawezi kulikubali jibu hilo, na ana haki.

Maana yenyewe ni fupi. Mahitaji ni umeme ambao watu wangetumia, saa kwa saa, kwa bei iliyopo, kama usingekatwa na volti zikiwa kamili. Matumizi ni umeme walioupata. Mahali pasipo na delestaje, yaani kukata umeme kwa zamu kwa sababu hautoshi, viwili hivyo vinakaribiana, ndiyo maana miongozo mingi ya modeli haisumbuki kuvitenganisha.

Kiswahili kilivitenganisha zamani. Hitaji ni neno lenye asili ya Kiarabu, la shina moja na haja. Haja ya maji haiishi kwa sababu bomba limekauka, pengine inazidi. Matumizi yanatoka katika kutumia, na huwezi kutumia kisichokuwapo. Mchanganyiko umeingia kwetu kupitia Kifaransa cha ofisini, ambako "demande" inabeba mizigo mitatu. Ni barua ya kuomba kuunganishwa na mtandao. Ni mahitaji ya soko yanayosimama mbele ya ugavi. Tena ni megawati zinazoonekana kwenye kituo saa fulani. Kwa hiyo mmoja anahesabu barua za maombi, mwingine anasoma mita, na wote wanajaza kisanduku kimoja. Upande wa Lubumbashi kuna wa tatu, anayechukua "puissance souscrite" ya mgodi. Hicho ni kiwango cha juu kilichoandikwa katika mkataba. Mgodi unaweza kukaa chini yake mwaka mzima.

Kosa hili lina sababu ya kiufundi inayolilinda. Ukiweka mahitaji ya kweli katika mwaka wa kuanzia, mitambo iliyopo haiyatoshelezi, na modeli inasema haina jawabu. Kituo cha umeme wa maji cha Ruzizi 1 kina mashine 4 zenye jumla ya MW 29.8, na MW 43.8 za Ruzizi 2 zinagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Basi mwandaaji wa data anapunguza mahitaji hadi modeli ikubali, na anapofika hapo amerudi kwenye matumizi bila kujua. Dawa ni kuongeza "mtambo" wa bandia unaoitwa umeme usiotolewa, wenye gharama kubwa kwa kila kilowati-saa kuliko chanzo chochote cha kweli. Mtambo huo ndio delestaje yenyewe, imepewa jina na bei. Modeli itaukimbia kila itakapopata njia ya kujenga kitu kingine.

Mtego mkubwa zaidi uko katika zamu. Mitaa ikikatwa kwa kupokezana, departi moja (laini ya umeme inayotoka kituoni kwenda mtaa fulani) inafungwa wakati nyingine inafunguliwa, na jumla ya mji inabaki karibu bapa. Ukitafuta sifuri katika tarakimu za mji mzima hutaziona. Unachoona ni kikomo cha uwezo wa mtambo, nawe unakiita umbo la mahitaji. Lazima ushuke hadi kwenye kila departi na uombe vitabu viwili: usomaji wa kila saa, na rejista ya makato. Tuseme departi moja ina umeme saa 18 kwa wastani wa MW 2, na saa 6 za jioni imekatwa. Mita inatoa MWh 36. Ukigawa kwa 24 unapata MW 1.5, tarakimu isiyoelezea saa yoyote ya siku hiyo. Kama jioni zisizokatwa departi ileile inabeba MW 3, mahitaji ya siku ni MWh 54 na kilele ni MW 3.

Ndiyo maana saa iliyokatwa hujazwa kwa saa ileile, ya siku ileile ya juma, kutoka wiki ambayo haikukatwa. Saa ya kwanza baada ya umeme kurudi usiichukue: friji zote, betri zote na pasi zote zinavuta kwa pamoja. Sifuri ambayo haimo katika rejista ya makato huenda ni mita iliyoharibika, itenge kando. Angalia na volti. Sahani ya kupikia inayopata V 176 badala ya V 220 inavuta 64% tu ya nguvu yake, kwa kuwa nguvu inafuata mraba wa volti. Kwa hiyo hata saa yenye umeme inaweza kuficha mahitaji.

Makala, yaani mkaa wa kupikia, yanastahili uangalifu wake. Kilo 1 ya makala ina kama MJ 30, na wengi wanaigeuza moja kwa moja kuwa kWh 8.3 za umeme. Lakini mbabula, jiko la makala, inapeleka kwenye sufuria kama moja ya tano, yaani MJ 6. Sahani ya umeme yenye ufanisi wa 70% inatoa joto hilo kwa kWh 2.4. Mahitaji hapo ni joto la kupikia. Liandike hivyo, modeli ichague lipikwe kwa nini.

Kwa modeli ya nchi nzima, kumbuka Kinshasa iko saa 1 nyuma ya Bukavu na Lubumbashi, na data za jua za setilaiti huja kwa saa za UTC (saa za kimataifa), saa 2 nyuma yetu. Usiposogeza safu, kilele cha jioni kinahama. Sehemu za mahitaji ya mwaka unazogawia kila kipindi zijumlike kuwa 1. Ukitumia petajuli, TWh 1 ni PJ 3.6. Na ukipima mahitaji kwenye kituo, usiweke tena upotevu wa nyaya za mtaani katika mtandao, maana umeshahesabiwa.

Kama una usomaji wa mita peke yake, utumie. Hauna kosa lolote. Andika tu juu ya safu "umeme uliotolewa", kisha acha pembeni safu nyingine, tupu, yenye jina "mahitaji", hadi rejista ya makato ipatikane.