Nyumba inapopasuka: aliyekujengea yumo kwenye rejista ya wahandisi?

Mama mmoja mkazi wa Kwa Mrombo, Arusha, alifika ofisini kwetu, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na simu iliyojaa picha za ufa. Ufa ulianzia kwenye kona ya dirisha la ghorofa ya kwanza, ukapanda mshazari hadi kwenye mkanda wa zege juu ya ukuta. Katika picha ya mwisho nguzo ya chini ilikuwa na matundu kama sega la nyuki, na nondo moja ilikuwa nje imeshika kutu. Alitaka injinia wake afungiwe. Nikamwomba jina kamili, akanipa jina moja tu. Namba ya usajili hakuwa nayo. Mkataba haukuwepo, maana walikuwa wanasali pamoja. Michoro aliwahi kuonyeshwa mara moja kwenye simu ya huyo bwana. Alichobaki nacho ni meseji za miamala: saruji, nondo, "ya mafundi", "ya injinia".

Tulitafuta lile jina kwenye rejista kwa kila namna linavyoweza kuandikwa. Hakumo.

Malalamiko ya aina hii tunayapokea mara nyingi zaidi sasa. Arusha inajengwa kwa kasi. Uwanja wa AFCON 2027 unainuka Olmoti, na kila mwenye kiwanja kuanzia Kisongo hadi Usa River anataka kuongeza ghorofa au vyumba vya wageni. Ni jambo jema. Ila ni lazima tuseme wazi kile ambacho Bodi inaweza kufanya na kile isichoweza, kwa sababu watu wanakuja kwetu wakiwa wamechelewa na wanaondoka wakidhani tunawalinda wenzetu.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi imeundwa kwa Sheria ya Usajili wa Wahandisi Na. 15 ya mwaka 1997, ambayo ilirekebishwa mwaka 2007. Kazi yake ni kusajili wahandisi na kampuni za ushauri wa kihandisi, kusimamia mwenendo wao, na kuwaadhibu wanaokiuka maadili ya taaluma. Mamlaka ya kinidhamu yanaanza na kuishia kwenye rejista. Aliyemo tunaweza kumwita, kumhoji, kumsimamisha na kumfuta jina. Asiyekuwemo hatuna cha kumfuta. Huyo amevunja sheria kwa kujiita mhandisi au kufanya kazi za kihandisi bila usajili, na njia yake ni polisi na mahakama, ambako adhabu ni faini au kifungo.

Hapa ndipo wengi wanapokasirika, nami naelewa. Lakini naomba tuelewane: fundi hodari si mhandisi, hata kama ana miaka thelathini kazini na mtaa mzima unamwita injinia. Kijana aliyemaliza shahada ya uhandisi mwaka jana naye bado hajafikia kusimamia jengo lako peke yake. Anasajiliwa kama mhandisi mhitimu, kisha anafanya kazi chini ya mhandisi mwenye uzoefu, mara nyingi kupitia mpango wa mafunzo kwa vitendo wa miaka mitatu ambao Bodi iliuanzisha mwaka 2003. Baada ya hapo ndipo anapimwa kama anafaa kuwa mhandisi mtaalamu, ngazi inayompa haki ya kusaini michoro na kuibeba dhamana. Kwa hiyo ukiuliza "umesajiliwa?" uliza pia "katika ngazi gani, na katika fani gani?" Mhandisi wa umeme aliyesajiliwa vizuri kabisa hana ruhusa ya kukuhesabia nondo za slabu.

Linaloniumiza zaidi ni mhuri wa kukodisha. Kibali cha ujenzi kinahitaji michoro iliyosainiwa na mtaalamu aliyesajiliwa. Mwenye nyumba anachorewa na mtu wa mtaani, kisha wanatafutwa wahandisi wa kugonga mhuri kwa malipo ya siku moja. Mhandisi anagonga, anapokea chake, na kiwanja hakijui. Halmashauri inaona mhuri, inatoa kibali. Msingi unachimbwa, zege linamwagwa, mirunda inayoshikilia zege bichi inatolewa kabla ya wakati kwa sababu inahitajika kwenye jengo jingine, na hakuna mtu wa kusema subiri. Miezi kadhaa baadaye nyumba inapasuka, na mhandisi aliyegonga mhuri anatuambia yeye alisaini karatasi tu. Karatasi tu! Kila mhuri ni tamko kwamba umekokotoa, umehakiki, na uko tayari kuulizwa. Nchi hii ilizika zaidi ya watu 30 baada ya jengo kuporomoka katikati ya Dar es Salaam mwezi Machi 2013, na Novemba 2024 tukarudi kufukua kifusi Kariakoo.

Kwa Arusha hatari ina sura yake pia. Miteremko ya Meru ina udongo wa majivu ya volkano, na maeneo ya chini yana udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Msingi uliofaa kwa jirani yako unaweza usikufae wewe, ng'ambo ya korongo. Tena tuko kwenye Bonde la Ufa. Wenye umri watakumbuka Julai 2007, ardhi ilivyotikisika mfululizo kutoka upande wa Gelai na Ziwa Natron. Nguzo ambayo ringi zake, yaani vyuma vinavyozizunguka na kuzifunga nondo, zimepangwa mbalimbali ili kuokoa chuma inaweza kusimama miaka ikiwa kimya, kisha tetemeko likaja kuikagua.

Sasa utaratibu, kwa anayetaka kulalamika. Lalamiko liwe la maandishi, likiwa na jina la mhandisi, namba yake ya usajili, mahali pa mradi na maelezo ya alichofanya au alichoshindwa kufanya. Ambatisha mkataba, michoro yenye mhuri, picha, risiti na mawasiliano. Bodi ikiona kuna hoja, mhandisi anapelekewa tuhuma kwa maandishi na kupewa nafasi ya kujibu. Suala linachunguzwa, ikibidi na wataalamu wanaofika kwenye jengo. Baadaye mhandisi anasikilizwa, na mlalamikaji anaweza kuitwa kama shahidi, kwa hiyo usiandike jambo usiloweza kulisema mbele yake. Akionekana na hatia anaweza kupewa onyo au karipio, kusimamishwa kwa muda, au kufutwa kwenye rejista. Akisimamishwa haruhusiwi kusaini chochote kwa muda huo. Akifutwa amepoteza haki ya kuitumia taaluma yake mpaka atakaporejeshwa kwa utaratibu wa sheria, na asiporidhika ana haki ya kukata rufaa. Hatuwezi kumfuta mtu kwa sababu ya picha ya WhatsApp, wala kwa simu ya mkubwa yeyote.

Na Bodi hairudishi pesa. Nalirudia kwa sababu nalisema kila siku na kila siku naulizwa tena. Fidia ni mahakamani. Ukiwa na ugomvi na mkandarasi, nenda Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Ukiwa na ugomvi na mbunifu wa jengo au mkadiriaji majenzi, nao wana bodi yao. Kututupia sisi yote matatu kunakuchelewesha wewe mwenyewe.

Kabla hujachimba, dai namba ya usajili na uihakiki kwa Bodi. Andikishianeni siku ambazo mhandisi atakuwepo: nondo zinapokaguliwa kabla ya zege, zege linapomwagwa, mirunda inapotolewa. Taka sampuli za zege zichukuliwe siku hiyohiyo linapomwagwa na kupimwa maabara baada ya siku 7 na 28. Weka bango la mradi lenye majina. Mhandisi anayekataa kuandikwa jina lake kwenye bango la jengo lako, muulize kwa nini.

Yule mama wa Kwa Mrombo tulimshauri afungue shauri polisi, ahamishe wapangaji wa juu, na asipige ripu juu ya ule ufa mpaka mtaalamu aupime. Juzi alirudi. Alikuwa na jina kamili la mtu mwingine na namba, vimeandikwa kwa kalamu nyuma ya risiti ya saruji. Tukatafuta. Yumo, mhandisi mtaalamu, fani ya ujenzi, ada ya mwaka imelipwa. Mama akaikunja ile risiti, akaiweka kwenye kitenge, akaenda kumpigia.