Nebraska haikuporomoka siku Solich alipofukuzwa

Mashabiki wa zamani wa Nebraska, chuo kilichotwaa ubingwa wa futiboli ya Kimarekani mwaka 1994, 1995 na 1997 (wa mwisho kwa kugawana na Michigan), hupenda kusema timu ililaaniwa mwaka 2003, kocha Frank Solich alipofukuzwa ilhali ameshinda mechi 9 na kupoteza 3. Kumfukuza lilikuwa kosa, sawa. Lakini nyufa zilikuwepo tayari.

Novemba 2001 timu ilifika kwa chuo cha Colorado ikiwa na ushindi 11 mfululizo, ikachapwa 62-36. Mechi iliyofuata Miami wakaifunga 37-14. Mwaka 2002 ikamaliza na ushindi 7 na vipigo 7, na misimu 40 mfululizo ya ushindi kuzidi vipigo ikakatika, Solich akiwa bado kazini.

Sababu moja husahaulika mno. Zamani vyuo vikubwa vilirundika wachezaji wenye ufadhili wa masomo. Ukomo wa idadi yao ulishushwa hatua kwa hatua hadi 85 kwa kila timu. Nyota ambao wangekaa benchi Nebraska wakaenda kuanza kwingine. Jimbo la Nebraska lenyewe lina watu wachache, hivyo vipaji lazima vitafutwe mbali, Texas na California.

Tena, kocha Bo Pelini alishinda mechi zisizopungua 9 kila msimu kuanzia 2008 hadi 2014, naye akafukuzwa. Shimo lenyewe lilikuja baadaye: Scott Frost, mchezaji shujaa wa ubingwa wa 1997 aliyerudi kuwa kocha, aliondoka 2022 na ushindi 16, vipigo 31.