Dhahabu Siyo Inayopandisha Bei ya Saa

Uliza watu katikati ya jiji la Nairobi ni saa gani ya kifahari itakayouzika tena kwa bei kubwa, na wengi watakujibu: ya dhahabu, tena yenye almasi. Sivyo. Mwaka 2017 huko New York, Rolex Daytona aliyokuwa akiivaa mwigizaji Paul Newman iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 17. Ni ya chuma cha pua. Mwaka mmoja kabla, mjini Geneva, saa ya Patek Philippe, modeli 1518, ya chuma ilifika faranga za Uswisi milioni 11. Za modeli hiyo zinazojulikana za chuma ni nne tu, ilhali za dhahabu ni nyingi.

Ni uhaba, basi, na jina la aliyeivaa. Lakini kinachowaponza wengi ni hali ya saa yenyewe. Mtu amerithi saa ya babu, anaikimbiza kwa fundi wa River Road ipigwe polishi na kubadilishiwa uso uliofifia, akidhani anaipandisha bei. Anaishusha. Polishi hula kingo za kasha, yaani ganda la nje la saa, na uso wa asili, hata uliogeuka rangi, ndio mnunuzi makini anaoutazama kwanza. (Kusafisha mitambo ya ndani ni jambo jingine, fanya tu.) Boksi na karatasi za dukani nazo huongeza thamani, usizitupe.

Na almasi zilizobandikwa baada ya saa kutoka kiwandani? Kwa wakusanyaji huo ni uharibifu, na kuzing'oa hakulirudishi kasha lilivyokuwa.