Asilimia 84 ya nini? Tuuangalie mgawo wa tagi za uwindaji New Mexico

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya mgawo wa wanyama naingia darasani na mfuko wa maharage. Namwaga 80 mezani, nawaambia wanafunzi haya ni elki, wale ayala wakubwa wa Amerika ambao dume lake linapita kilo 300, na kila harage ni tagi moja, yaani kibali cha kuwinda mnyama mmoja. Halafu kabla sijasema chochote natoa 30 nayaweka pembeni. Yanabaki 50, ndo nayagawa kwa sheria ya jimbo la New Mexico, Marekani: 42 kwa wakazi, 5 kwa wanaokuja kupitia kampuni za uwindaji, 3 kwa wageni, yaani watu wa nje ya jimbo, wanaokuja wenyewe. Darasa linaitikia, sawa kabisa, mwenyeji kapata sehemu kubwa. Mpaka atokee mmoja aulize, "Mwalimu, na yale ya pembeni ya nani?"

Hilo swali ndo nataka tukae nalo leo, kwa sababu watu wengi wanaosoma kuhusu haki kwenye uwindaji wanaishia kwenye asilimia, na asilimia peke yake haikwambii kitu mpaka ujue imepigwa kwenye nini.

Kwanza tagi yenyewe. Ni karatasi, tagi moja mnyama mmoja. Kwa majimbo mengi ya kule ukishaangusha mnyama, kabla hujamburuta kwenda kokote, unatoa kisu unakata alama ya mwezi na tarehe pembeni ya ile karatasi, halafu unaifunga kwenye mzoga kwa kamba. Kukutwa na mzoga usio na tagi ni kosa, hata kama leseni yako iko mfukoni. Kwa hiyo jimbo likitoa tagi 50 kwa eneo fulani maana yake limeshapiga hesabu ya kundi likaona halitaumia wakitoka wanyama mpaka 50. Hapo ni kazi yetu sisi wa ikolojia na kwa kweli hapo hakuna ugomvi mkubwa. Ugomvi unaanza kwenye nani apewe, kwa sababu waombaji ni wengi kuliko tagi, hasa kwenye maeneo yenye madume makubwa kama msitu wa Gila kusini magharibi mwa New Mexico, ndo maana wanachezesha droo.

Sheria ya sasa ya New Mexico ilipitishwa 2011. Inasema kwenye kila droo asilimia 84 ya tagi ni za wakazi wa jimbo, asilimia 10 ni za mtu yeyote, awe mkazi au mgeni, ambaye kabla ya kuomba ameshasaini mkataba na kampuni ya uwindaji ya hapo jimboni, na asilimia 6 ni za wageni wasio na kampuni. Zamani ilikuwa 78, 12 na 10. Ukilinganisha utaona nani kaongezewa na nani kapunguziwa, mkazi kapanda, kampuni imeshuka kidogo, ila aliyeumia zaidi ni mgeni wa kawaida, yule fundi wa Texas anayefunga hema lake kwenye gari aje awinde na mtoto wake bila kumlipa mtu.

Na kwake kuna jambo lingine watu hawalioni. Asilimia zinapigwa kwenye kila windo peke yake, yaani eneo fulani kwa tarehe zake, siyo kwenye jumla ya jimbo zima. Windo la tagi 50 linampa 3. Sasa chukua windo la tagi 5, asilimia 6 yake ni 0.3, na huwezi kumpa mtu mguu wa mbele wa elki ukamwambia ndo haki yako. Mawindo madogo ndo mara nyingi yenye wanyama wa thamani, kwa hiyo ile 6 inayosomeka kwenye sheria, kwa mtu anayetafuta dume kubwa, inaweza kuwa sifuri.

Mkazi anajibu nini? Anasema mimi ndo naishi na hawa wanyama, nalipa kodi hapa mwaka mzima, na elki mmoja ni nyama ya familia kwenye friza mpaka msimu mwingine. Anakumbusha pia kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 elki walikuwa wameshakwisha New Mexico kwa kuwindwa ovyo, ikabidi waletwe kutoka sehemu nyingine wazaliane upya, na watu wa jimbo wakavumilia miaka ya kutowinda. Mgeni naye ana hoja ambayo mi huwa siwezi kuipuuza: misitu kama Gila ni ardhi ya serikali kuu, ni mali ya Wamarekani wote, kodi yake inaitunza, sasa kwa nini akanyage msitu wake halafu mnyama aliyemo aambiwe siyo wake?

Mahakama Kuu ya Marekani iligusa ugomvi wa aina hii mwaka 1978, kesi ya Baldwin dhidi ya tume ya wanyamapori ya Montana. Msimu wa 1976 mkazi wa Montana alinunua leseni ya elki kwa dola 9. Mgeni hakuruhusiwa kununua ya elki peke yake, alilazimishwa kununua kifurushi kizima, elki, ayala mdogo, dubu mweusi, ndege na samaki, kwa dola 225. Mara 25! Hata mkazi angenunua vyote hivyo kwa pamoja angelipa dola 30 tu. Cha kuzingatia ni kwamba Baldwin mwenyewe alikuwa mkazi wa Montana, kazi yake kuongoza wawindaji, na wenzake kwenye kesi walikuwa wageni kutoka Minnesota. Yaani mwenye biashara alisimama upande wa wateja wake. Mahakama kwa majaji 6 dhidi ya 3 ikasema kuwinda elki kwa burudani siyo haki ya msingi inayomfuata raia kila jimbo, kwa hiyo jimbo linaweza kumpendelea mtu wake.

Baadaye 2002 mahakama ya rufaa ikatikisa jambo hilo kwenye kesi ya Arizona, ikaona kikomo cha asilimia 10 kwa wageni kinagusa biashara kati ya majimbo. Bunge la Marekani halikukaa kimya, 2005 likapitisha sheria ya kusema wazi kwamba majimbo yana mamlaka ya kutofautisha mkazi na mgeni kwenye uwindaji na uvuvi. Kwa hiyo kisheria mlango wa kulalamika umebaki mdogo sana, na ndo maana mapambano yote yamehamia kwenye mabunge ya majimbo na kwenye sanduku la kura.

New Mexico yenyewe ina kisa kinachotuhusu sisi wa huku. Kati ya 1969 na 1977 waliachiliwa choroa wasiofika mia moja, asili yao Kalahari, ndugu kabisa wa choroa wetu wa Tarangire, kwenye eneo la jeshi la White Sands. Hakuna simba kule, wakazaliana wakawa maelfu. Mwaka 1977 mahakama ikakataza jimbo kuwabagua wageni kwenye tagi za choroa, mbuzi wa Uajemi na kondoo wa milimani, na kwa miaka mingi wanyama hao watatu wakawa nje ya mgawo, mkazi na mgeni wakaingia droo moja. Jimbo moja, elki alikuwa na foleni tatu, choroa alikuwa na foleni moja.

Sasa kampuni. Hapa nitasema ninavyoona. Fungu la asilimia 10 linatetewa kwa hoja ya ajira vijijini, na siyo hoja ya uongo. Mwenye kampuni anatakiwa aajiri mpishi, mtunza farasi, waongoza wawindaji, anunue nyasi na mafuta, na asipojua mapema atapata wateja wangapi hawezi kumuahidi mtu kazi. Lakini mnyama ni wa umma, na kutenga fungu ambalo ufunguo wake ni kuilipa biashara binafsi maana yake mwenye hela anapata foleni yake. Pale ambapo waombaji wa fungu hilo ni wachache kuliko wa mafungu mengine, bahati yake inakuwa kubwa kuliko ya yule mwenye hema. Wapiga kura wa Montana walilikataa hilo 2010: kulikuwa na leseni 5,500 za elki na ayala zilizotengwa kwa wateja wa kampuni, wakazifuta kwa kura ya maoni na kupandisha bei ya mgeni kutoka dola 628 hadi 897, wote waingie droo moja. Wyoming wao wana njia nyingine, mgeni anayewinda wanyama wakubwa kwenye maeneo ya nyika iliyolindwa ni lazima awe na mwongoza wawindaji mwenye leseni au asindikizwe na mkazi. Wanasema ni usalama. Ila mgeni huyohuyo anaweza kupanda milima hiyo kutembea au kuvua samaki peke yake bila kuulizwa, kwa hiyo mi hoja ya usalama hainiingii.

Turudi kwenye maharage 30 ya pembeni. Hayo ni ya wenye mashamba. New Mexico ina mpango wa kuwapa wenye ardhi binafsi vibali vya elki, na kibali hicho mwenye shamba anaweza kukitumia, kumpa mtu, au kukiuza kwa bei wanayoelewana, halafu mnunuzi anaenda kuchukua leseni kwa jimbo. Vibali hivi haviingii kwenye ile 84, 10 na 6. Idadi ya 30 ni ya darasani kwangu, nimeiweka ili hesabu ionekane, ila tazama inachofanya: wakazi wana 42 kati ya 50, ndo asilimia 84, lakini kwenye meza nzima wana 42 kati ya 80, ambayo ni asilimia 52 na nusu. Na kwenye kununua, anayeweza bei mara nyingi ni mgeni mwenye uwezo au kampuni inayomhudumia.

Simlaumu mwenye shamba. Elki wanakula majani yake, wanakunywa maji aliyochimba kwa hela yake, wanavunja uzio, na akiwa hapati chochote atawaona kama balaa. Mpango wenyewe una kipengele kizuri, kibali kinachoruhusu kuwinda eneo zima kinamtaka naye afungue shamba lake kwa wawindaji wengine wenye leseni za eneo hilo, yaani nipe nikupe. Ninachokipinga ni kutangaza asilimia ya kilichobaki kana kwamba ndo asilimia ya chote.

Kwetu Tanzania mfumo ni tofauti, mgeni hawindi bila kampuni, kampuni inapewa kitalu na kwota yake, na tangu 2019 vitalu vimeingia kwenye mnada wa kielektroniki, wakati mwenyeji ana leseni yake na maeneo yake. Lakini swali la yule mwanafunzi linafanya kazi hukuhuku. Kwenye jumuiya za hifadhi za wanyamapori, WMA, ada ya kitalu na ada ya mnyama ni vitu viwili na vinagawanywa kwa viwango tofauti. Ukikaa kwenye mkutano wa kijiji ukasikia jumuiya inapata asilimia fulani ya uwindaji, nyoosha mkono uulize ya ada ipi, kabla au baada ya makato, na makato hayo yamekwenda kwa nani. Waombe waandike jumla yote ubaoni kwanza.