Maandishi yanayojipanga upya, na kwa nini ya PDF hayawezi

Ukifungua kitabu cha EPUB, aina ya faili la vitabu vya kielektroniki, kwenye kifaa cha kusomea vitabu kisha ukaongeza ukubwa wa herufi, mistari hukatika upya, aya hurefuka na kurasa huongezeka. Huko ndiko kujipanga upya kwa maandishi. Jaribu hivyo kwa PDF: ukurasa mzima unavimba, na nusu ya kila mstari inatoroka nje ya skrini.

Tusikilaumu kifaa. Kampuni ya programu ya Adobe ilitoa PDF mwaka 1993 ili ukurasa uonekane vilevile kwenye kompyuta na printa yoyote. Kwa hiyo kila herufi hupewa mahali pake: hii ikae hapa, ile pale. Mara nyingi faili halijui hata aya inaanzia wapi. Tunachokiona sisi kuwa aya, kwake ni herufi zilizokaa jirani tu. EPUB imejengwa kwa HTML, lugha ileile ya kurasa za wavuti. Yenyewe husema "hii ni aya, hiki ni kichwa", halafu upangaji inakiachia kifaa.

Piga hesabu uone. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297. Skrini ya inchi 6 ina takriban 122. Ukurasa ukibanwa uonekane wote, hubaki kama asilimia 41, na herufi ya ukubwa wa 12 inakuwa kama ya 5. Hapo hata mwenye macho makali atakunja uso.

Mimi huanza kwa kukata pambizo, maana ni nafasi tupu inayokula skrini bure, kisha nakilaza kifaa kwa ubavu. Kubadili faili kuwa EPUB kwa programu kama Calibre hufaa riwaya. Kwenye makala ya safu mbili au yenye majedwali, usishangae namba ya ukurasa ikiibuka katikati ya sentensi. PDF iliyotoka kwenye skana ni picha tupu: bila programu ya kutambua herufi, hamna maandishi ya kubadili. Programu ya K2pdfopt hupita njia nyingine, hukata picha ya ukurasa vipande vya maneno na kuvipanga upya, kwa hiyo hata faili la skana hulimudu.

Kwa vitabu vya fomula na michoro nimeacha kuhangaika. Hivyo vinataka skrini ya inchi 10 au zaidi.