Punch-Out!! haikuanza na Mike Tyson

Ukitaja gemu la ngumi la Punch-Out!!, wengi wanamkumbuka Mike Tyson na kudhani ndipo lilipoanzia. Wapi! Tyson aliingizwa mwaka 1987, kwenye toleo la kuchezea nyumbani. Nintendo walishalitoa mwaka 1984 kama mashine kubwa ya kutumbukiza sarafu, na bingwa wa kung'olewa humo alikuwa Mr. Sandman. Mashine ilikuwa na skrini mbili, moja juu ya nyingine. Pambano lilikuwa kwenye ya chini. Bondia wako alichorwa kwa mistari ya kijani tu, mwili unaonyesha kama wavu, ili umwone mpinzani anapovuta mkono. Ujanja mtupu! Tyson mwenyewe hakudumu: mwaka 1990 nafasi yake ilichukuliwa na Mr. Dream, bondia wa kubuni.