Mstari uliofifia kwenye OCT hautoshi kusema seli zimekufa

Hakuna kauli inayonisumbua katika kazi hii ya magonjwa ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kama hii ambayo wagonjwa huambiwa baada ya skani moja tu: "Seli zako za kuona zimekufa." Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi picha yenyewe haijasema hivyo, na jibu la kama zimekufa kweli ndilo linaloamua kama kuna cha kuokoa.

Skani hiyo ni OCT. Iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, hutuma mwanga ndani ya jicho na kupima unavyorudi kutoka kila kina, hadi tukaona retina kama iliyokatwa kwa wembe. Kwa kina, mashine za kawaida za kliniki hutenganisha vitu vilivyoachana kwa mikromita (sehemu ya elfu ya milimita) 5 hadi 7. Kwa upana uwezo wake ni mdogo zaidi, na koni moja, seli ya kuona rangi na vitu vidogo, katikati ya makula, sehemu ya kati ya retina, ina upana wa mikromita 2 hivi. Kwa hiyo tunachokiona ni tabaka, hatuoni seli mojamoja.

Ukishuka kwenye picha kuelekea nyuma ya jicho, utakuta kwanza tabaka la kijivu kilichokolea: humo ndimo vilimo viini vya koni na vya fimbo, seli za kuona kwenye mwanga hafifu. Chini yake kuna uzi mwembamba, utando wa mpaka wa nje. Kisha unakuja mstari mweupe unaong'aa, ukanda wa elipsoidi, tunaouhusisha na sehemu ya seli iliyosheheni mitokondria, vizalisha nishati vya seli. Chini zaidi kuna epitheli yenye pigmenti, inayozilisha seli hizo. Mstari ule mweupe ndio kila mtu huutazama. Ukikatika, watu hukata tamaa.

Mimi kwanza huuliza kama picha yenyewe ni nzuri. Mtoto wa jicho hufifisha kila kitu, na mwanga ulioingia kwa mshazari hubadili mng'ao wa tabaka. Ndiyo maana hulinganisha mstari huo na epitheli iliyo chini yake. Vikififia vyote kwa pamoja, kasoro huenda iko kwenye upigaji wa picha.

Halafu hupanda juu, kwenye tabaka la viini. Hapa ndipo penye uzito. Seli ikifa, kiini chake hutoweka na tabaka hukonda. Mstari mweupe ukiwa umekatika huku tabaka la viini bado nene na utando wa mpaka wa nje ukiwa mzima, seli zimeumia lakini zipo. Tunaliona hili baada ya upasuaji wa tundu la makula: utando wa mpaka wa nje huungana kwanza, ukanda wa elipsoidi hufuata polepole, wakati mwingine kwa miezi mingi, na uwezo wa kuona hupanda nao.

Kuna kamera zinazofika hadi kwenye seli mojamoja. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichukua mbinu ya wanaastronomia ya kusahihisha mwanga uliopinda, wakaielekeza kwenye jicho la mtu aliye hai, wakaona koni. Hata huko kuna mtego. Koni nzima huongoza mwanga kama bomba na kuurudisha kwenye kamera, hivyo huonekana kama nukta angavu. Ncha yake ya nje ikiharibika, nukta huzimika, ingawa mwili wa seli haujaondoka. Mbinu nyingine ya kamera hizohizo, inayokusanya mwanga uliotawanyika pembeni, imeonesha koni zilizobaki kwa watu wenye akromatopsia, upofu wa rangi wa kuzaliwa, ambao koni zao hazijawahi kufanya kazi ipasavyo.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Mwenye retinitisi pigmentosa, ugonjwa wa kurithi unaoua seli za kuona polepole, anaweza kusoma 6/6 ubaoni, yaani kiwango cha kawaida cha kuona, huku fimbo za pembeni zimekwisha na uwanja wake wa kuona umebaki tundu dogo. Kwake napima upana wa ukanda wa elipsoidi uliosalia, mwaka hadi mwaka, mahali palepale. Kwa anayemeza haidroksiklorokwini, dawa ya magonjwa kama lupasi, miaka mingi, natafuta mstari kukonda kandokando ya kitovu cha makula, pamoja na kipimo cha uwanja wa kuona, kwa sababu madhara ya dawa hiyo hayarudi nyuma.

Haya yote yamepata uzito mpya tangu Desemba 2017, Marekani ilipoidhinisha Luxturna, tiba ya jeni kwa wenye hitilafu katika nakala zote mbili za jeni ya RPE65, hitilafu inayosababisha upofu wa kurithi. Tiba hiyo haifufui seli; inahitaji seli hai za kutosha kwenye retina, na OCT ni miongoni mwa vipimo vinavyotusaidia kulijua hilo. Kwa hiyo ukiambiwa seli zimekufa, uliza unene wa tabaka la viini ni upi, omba skani irudiwe mahali palepale baada ya miezi kadhaa, na usitupe picha zako za zamani.